Je, mbingu hununuliwa kwa matendo mema?

Huenda umewahi kuhudhuria mazishi ambayo mchungaji hakufika, au alifika akaketi kando kama mgeni huku wazee wa mtaa wakiendesha sala wenyewe. Bila shaka ulisikia minong'ono. Marehemu hakuwa ametimiza, watu huambiana. Ama jina lake lilikoma zamani katika daftari la zaka, ama hakuwahi kufunga ndoa kanisani na mama wa watoto wake, ama alitengwa na meza ya Bwana miaka mingi iliyopita na hakurudi kuomba arejeshwe. Wafiwa huinamisha vichwa. Watoto nao, ambao ndio hasa ninaowafikiria leo, hurudi nyumbani na swali ambalo wengi wetu hulikwepa: je, baba hakwenda mbinguni kwa sababu hakulipa?

Swali hilo si la kitoto hata kidogo. Wakubwa wamelizozania tangu Ukristo ulipoanza, na makanisa tunayosali Jumapili hii yametofautiana kwa sehemu kubwa kwa sababu yake. Wasomaji wetu Waislamu na wa dini nyinginezo watatuwia radhi kwa kuwa leo tunazungumza ya nyumbani mwa Wakristo, ingawa nadhani mengine watayatambua.

Mzozo ulioanzia mezani

Watu hudhani kuwa habari ya neema na sheria ni ya wasomi wa vyuo vya theolojia. La hasha. Ukisoma waraka wa Paulo kwa Wagalatia utaona kuwa jambo lililomkasirisha mtume lilikuwa ni nani aketi na nani wakati wa kula. Petro alikuwa Antiokia, akila pamoja na waumini wasio Wayahudi bila wasiwasi wowote. Walipofika watu fulani kutoka Yerusalemu, wenye msimamo mkali juu ya tohara na sheria ya Musa, akaanza kujitenga kidogo kidogo. Wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo alimkemea mbele ya watu wote.

Fikiria aibu ya wale walioachwa na sahani zao. Hakuna aliyewaambia kuwa Kristo hakuwafia. Waliambiwa tu, kwa vitendo, kuwa hawajatimia, kwamba kuna jambo moja zaidi la kufanya ndipo wahesabiwe kuwa watu wa nyumba hiyo. Huko Galatia, nchi ambayo leo imo ndani ya Uturuki, walimu walikuwa wakihubiri hivyo waziwazi: amini, kisha utahiriwe. Mkutano wa Yerusalemu unaosimuliwa katika Matendo ya Mitume sura ya 15, ambao wanahistoria wengi huuweka karibu na mwaka wa 49, ulikataa kuwatwika watu mzigo huo. Hoja iliyotolewa ilikuwa rahisi: hata sisi wenyewe na baba zetu hatukuweza kuubeba.

Katika Waefeso sura ya 2 mafundisho hayo yamewekwa kwa maneno machache ambayo Wakristo wengi wanayajua kwa moyo. Wokovu ni kwa neema, huja kwa imani, ni zawadi, wala si malipo ya kazi, ili pasiwe na wa kujigamba. Ajabu ni kwamba wengi hukomea aya ya 9. Ya 10, inayosema kuwa tuliumbwa ili tutende mema, haisomwi sana. Tutairudia baadaye.

Kwa hiyo mtoto wa marehemu tunaweza kumjibu bila kigugumizi. Kwa mafundisho ya mitume wenyewe, hakuna aliyeingia mbinguni kwa risiti, na hakuna aliyefungiwa nje kwa kuikosa. Yule mwizi aliyesulubishwa kando ya Yesu hakuwa na muda wa kubatizwa, kutoa zaka wala kujiunga na kamati yoyote.

Mtawa aliyeogopa radi

Aliyelibeba swali hili kwa uchungu mwingi kuliko wote pengine ni Martin Luther. Mwaka wa 1505, akiwa kijana wa miaka 21 anayesomea sheria huko Erfurt, Ujerumani, alikutwa na dhoruba njiani, radi ikapiga karibu naye, akaapa kwa hofu kuwa atakuwa mtawa. Baba yake, aliyetumaini kupata mwanasheria, alighadhibika. (Wazazi wa Nairobi mnaolipa karo ya chuo kikuu mtamwelewa mzee huyo.)

Luther alikuwa mtawa hodari. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi kwa saa nyingi, kisha akitoka akakumbuka kajambo kadogo alikokasahau, akarudi. Msimamizi wake, Johann von Staupitz, alichoka naye. Kadiri alivyozidi kujitahidi ndivyo alivyozidi kumwogopa Mungu, na ikafika mahali akatambua kuwa alikuwa akimchukia. Hilo ndilo jambo ambalo wanaowatisha watoto kwa jehanamu hawalifikirii. Mtu anayehesabu dhambi zake usiku kucha hampendi hakimu wake.

Alipokuwa akifundisha Biblia huko Wittenberg ndipo waraka kwa Warumi ulipomfungukia. Haki ya Mungu iliyomtisha miaka yote, akaielewa sasa kuwa ni haki ambayo Mungu humpa mtu bure, wala si fimbo ya kumchapia. Na wakati huohuo, mhubiri Johann Tetzel alikuwa akizunguka vijijini akiuza vyeti vya rehema, ambavyo watu waliamini vingepunguza mateso ya jamaa zao waliokufa huko toharani. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma, na sehemu nyingine ikalipa madeni ya Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther alituma hoja 95 za kuipinga biashara hiyo. Yaliyofuata tumeyasoma shuleni.

Hapa niseme jambo kwa haki. Waprotestanti wengi wa kwetu hupenda kudai kuwa Wakatoliki hufundisha kununua mbingu kwa matendo. Si kweli. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la mwaka wa 1547, ulikataa kuwa mtu aweza kujiokoa kwa matendo yake bila neema ya Mungu, na katika karne hiyohiyo Kanisa Katoliki lenyewe lilipiga marufuku biashara ya vyeti. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili hasa lililowatenga, wakikiri kwamba ni kwa neema peke yake, si kwa sifa yoyote tuliyo nayo, tunapokewa na Mungu. Wamethodisti walijiunga mwaka wa 2006 na makanisa ya Kireformati mwaka wa 2017. Tofauti zimebaki, tena za maana, lakini matusi ya jirani kwa jirani juu ya jambo hili yamepitwa na wakati.

Tukirudi kwetu, sijui ni nini kinachomtofautisha Tetzel na yule mhubiri wa siku hizi anayesema kuwa ukipanda mbegu ya shilingi elfu kumi utafunguliwa mlango wa kazi, na kwamba muujiza wako umechelewa kwa sababu bahasha yako ilikuwa nyepesi. Pengine kipaza sauti tu.

Mke wa pili aliyefukuzwa

Katika nchi yetu sheria ya kanisa haikuuma mifuko peke yake. Iliuma nyumba. Wamisionari walipofika walikuta wanaume wenye wake wawili, watatu, na zaidi. Mkutano wa maaskofu Waanglikana wa Lambeth, mwaka wa 1888, uliamua kuwa mwanamume wa namna hiyo asibatizwe. Wake zake wangeweza kukubaliwa katika hali fulani, lakini yeye angoje mpaka ajirekebishe. Makanisa mengine nayo yalikuwa na masharti yanayofanana na hayo. Kujirekebisha kulimaanisha kubaki na mke mmoja.

Hebu tazama jambo hili kwa macho ya mke wa pili. Aliolewa kwa mahari, wazee walikubali, amezaa, amelima shamba. Siku moja mume anamtaka Kristo, na gharama ya ubatizo wa mume ni yeye. Anarudi kwa baba yake na vitu vyake kichwani, na watoto hawajui wafuate upande upi. Mwanamume anavaa nguo nyeupe na kuimba kuwa amesamehewa bure. Bure kwa nani?

Sisemi kuwa mitara ni sawa na ndoa ya mume na mke mmoja; Kanisa lina sababu zake za kufundisha linavyofundisha, na wanawake wengi waliolelewa katika nyumba za mitara wana ushahidi mchungu wa kutoa. Ninalosema ni kuwa amri nzuri ikigeuzwa kuwa tikiti ya kuingilia, anayelipa nauli mara nyingi ni mtu mwingine, na kwa kawaida ni mnyonge. Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka wa 1988 mkutano uleule wa Lambeth, safari hii ukiwa na maaskofu wengi Waafrika, uliamua kuwa mwenye wake wengi anayeamini aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, mradi aahidi kutooa tena wakati wake hao wangali hai. Isitoshe, asilazimishwe kumwacha hata mmoja, kwa sababu ya taabu ambayo mwanamke huyo angetupwa ndani yake. Kwa wale waliokwisha kurudishwa kwa baba zao, uamuzi huo ulikuwa umechelewa.

Ndugu wa uamsho

Wazee wetu wengi waliokoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, na hakuna mfano bora wa jinsi neema inavyoweza kuja kama mvua kisha watu wakaichimbia mitaro. Mwezi wa Septemba 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, akiwa amechoka na kukata tamaa, alikutana Kampala na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Moto ulioanzia hapo ulienea Rwanda na Uganda, na mwaka wa 1937 kikundi cha wahubiri kilifika Kabete, hapa Kenya. Waliookoka wakaitwa Balokole kule Uganda, na ahonoki katika nchi ya Wakikuyu.

Habari yao ilikuwa ya msalaba na damu ya Yesu, wala si ya kanuni. Mwafrika na Mzungu walikiri dhambi zao mbele ya wenzao, jambo lisilosikika katika siku zile za ukoloni. Watu walirudisha vitu walivyoiba. Hakuna aliyewaamuru, waliona tu hawawezi kulala na jembe la mwajiri ndani ya nyumba. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, wengi wao katika mkoa wa kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi vilevile wakakataa kubeba silaha za serikali dhidi ya ndugu zao. Baadhi yao waliuawa. Ukiniuliza matendo mema yatokanayo na neema ni yapi, nitakuonyesha hayo kabla ya kukuonyesha hotuba yoyote.

Lakini muda ulivyopita, ushuhuda ukawa na mtindo wake. Pakawa na jinsi ya kufunga kitambaa, jinsi ya kutonyoosha nywele, orodha ya mambo ambayo aliyeokoka hagusi. Nchini Uganda walitokea Abazukufu, yaani walioamka upya, ambao miongoni mwa masharti yao makali lilikuwa la kutokuwa na deni lolote. Nia ilikuwa njema, na hakuna asiyejua jinsi deni linavyovunja nyumba. Hata hivyo mtu aliyekopa ili amlipie mtoto karo akajikuta nje ya ushirika uleule uliokuwa umemwambia kuwa damu ya Yesu yatosha.

Wanafunzi walio katika vyama vya Kikristo vyuoni wataona mfano wao kwa John Wesley. Alipokuwa Oxford aliongoza kikundi cha vijana waliosali kwa ratiba, waliofunga, waliotembelea wafungwa gerezani na kuwasaidia maskini. Wenzao waliwacheka kwa utaratibu wao. Alikwenda mpaka Marekani kama mmisionari na kurudi mwaka wa 1738 akiwa na hakika moja tu, kwamba moyo wake haukuwa na amani. Tarehe 24 Mei mwaka huo, katika mkutano mdogo London, alisikia ukisomwa utangulizi alioandika Luther kwa waraka wa Warumi, na hapo akaanza kuamini kuwa Kristo alimsamehe yeye binafsi. Magereza hakuacha kuyatembelea. Alizidisha.

Neema isiyogharimu kitu

Najua baadhi yenu mnatikisa vichwa. Mkisema matendo hayaokoi, si mtawapa vijana leseni? Swali hili Paulo aliulizwa, na alilikataa kwa ukali katika Warumi sura ya 6. Yakobo naye aliuliza imani ya mtu ina faida gani ikiwa anamwona ndugu yake hana nguo wala chakula, kisha anamwambia aende akashibe. Luther hakuupenda sana waraka wa Yakobo, na hapo mimi simfuati. Mji wetu unamhitaji Yakobo kila asubuhi.

Mwaka wa 1937, mwaka uleule ambao uamsho ulifika Kabete, mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer alitoa kitabu kuhusu kumfuata Kristo. Aliwashutumu Walutheri wenzake kuwa wameigeuza neema kuwa bidhaa ya bei rahisi: msamaha bila toba, ubatizo bila nidhamu, watu kubatizwa na kusamehewa huku wakimshangilia Hitler. Yeye aliupinga utawala huo na akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Hakunyongwa ili apate kuokoka. Lakini hakuna atakayesema kwamba imani yake haikuzaa kitu.

Mwembe hauzai maembe ili upate kuwa mwembe. Ila mwembe usiozaa mwaka baada ya mwaka, mwenye shamba ana haki ya kuukagua mizizi. Baba anayeimba kwaya Jumapili na kumpiga mkewe Jumatatu hahitaji kuambiwa kuwa neema yatosha. Anahitaji kuambiwa aache, na mkewe anahitaji mahali salama pa kulala usiku huo.

Mtoto aliyebaki nyumbani

Tuingie sasa ndani ya nyumba zetu, maana watoto hujifunza habari za Mungu kwa kututazama sisi kabla ya kumsikia mhubiri. Mtoto akileta alama nzuri hukumbatiwa, akileta mbaya haongeleshwi siku tatu. Matokeo ya KCSE yanapotangazwa kuna nyumba ambamo kijana huogopa kurudi. Kisha tunamwambia kuwa Mungu ni baba. Ataelewa nini?

Katika Luka 15 tumezoea kumzungumzia mwana mpotevu, aliyekula mali na makahaba akaishia kwa nguruwe. Mimi nimekuwa nikimfikiria kaka yake. Huyu hakukosa siku hata moja kazini. Anaposikia ngoma na kuambiwa kuwa mdogo wake amerudi, hesabu anayo tayari: miaka aliyotumika, amri ambazo hakuzivunja, na mwana-mbuzi ambaye hakupewa ili afurahi na rafiki zake. Tazama anavyojieleza. Anazungumza kama kibarua anayedai mshahara, wala hamtaji ndugu yake kama ndugu. Amwita mwanao huyu. Ameishi nyumbani miaka yote bila kujua kuwa yeye ni mtoto.

Nyumba zetu nyingi zina kaka huyu, na mara nyingi ni dada. Ndiye aliyebaki na mama mgonjwa, ndiye anayetuma pesa kila mwisho wa mwezi, ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani. Amechoka, na uchovu wake umegeuka hasira kwa kila anayepata kitu bila kukitolea jasho. Kumhubiria kuwa matendo yake si kitu ni ukatili. Baba wa mfano ule hakufanya hivyo. Alitoka nje kumbembeleza, akamwita mwanangu, akamwambia kuwa vyote alivyo navyo ni vyake tayari. Luka hasemi kama aliingia.

Likabaki suala la daftari la zaka, kwa sababu najua waweka hazina wanasoma ukurasa huu. Kanisa lina mishahara ya kulipa, paa la kuezeka, na yatima wa kulisha, na mshirika anayekula bila kuchangia ana la kujibu. Andikeni daftari. Msomeeni mtu deni lake akiwa hai, faraghani, tena kwa heshima, na mwulize kwanza kama amepoteza kazi, maana wengi hukoma kutoa mwezi uleule walioachishwa. Akifa, daftari hilo libaki ofisini, na mchungaji aende kuzika.

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, nitawajibu wazazi waliouliza wafanye nini kijana wa kidato cha tatu anapokataa kabisa kwenda kanisani.